Ahadi ni Deni, Hata Ikipakwa Kijani

Mambo kumi kwa mwajiri anayetaka kuwavutia wanafunzi kwa sera yake ya mazingira, kuanzia la kumi hadi la kwanza

Msimu wa maonesho ya ajira vyuoni una dalili zake. Mashati yanapigwa pasi, wasifu unatolewa nakala ishirini, na kila banda la mwajiri linaota jani. Jani kwenye bango, jani kwenye kipeperushi, jani kwenye kikombe. Benki ina jani. Kiwanda cha saruji kina jani. Kampuni ya mafuta ina majani mawili na tone la umande juu. Nyuma ya banda jenereta inanguruma ili video ya kampuni ionekane: tembo, machweo, na sauti nzito ya bwana mmoja anayetamka "mustakabali" kana kwamba ameuzaa yeye.

Mwanafunzi anasikiliza kwa adabu, anachukua kalamu, anashukuru. Jioni bwenini anawaigiza wote, pamoja na tembo.

Wapo waajiri watakaosema: acheke tu, kazi ataomba. Wana hoja. Uingereza, uchunguzi wa KPMG uliotolewa Januari 2023 ulionesha kwamba mmoja kati ya kila vijana watatu wa miaka 18 hadi 24 aliwahi kukataa kazi kwa sababu ya rekodi ya mwajiri katika mazingira, jamii na utawala. Kwetu, kijana aliyekaa nyumbani mwaka mzima na cheti chake hakatai kazi kwa ajili ya hewa ukaa. Shangazi yake ataitisha kikao cha ukoo.

Lakini bosi, wewe humtafuti kila kijana. Unamtafuta yule mhandisi, yule mhasibu, yule binti wa takwimu ambaye waajiri wanne wanamgombea. Huyo anachagua. Na wale wasio na nafasi ya kuchagua wataingia kwako wakijua kwamba uliwadanganya tangu siku ya banda, nao watakufanyia kazi kwa kiwango hichohicho cha ukweli.

Basi tuhesabu. Benchi la nyuma limeruhusiwa kuchangia, maana hata lisiporuhusiwa huchangia.

10. Mfuko wa zawadi huongea kabla yako

Mwanafunzi anafika bandani, anapewa chupa ya plastiki ya maji, kalamu ya plastiki iliyofungwa kwenye nailoni, na beji ya plastiki yenye maneno "Tuokoe Bahari". Hotuba haijaanza na kesi umeshashindwa.

Halafu tafadhali usijisifie kutii sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ikafuata Agosti 2017, na adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Tanzania Bara ikafunga mlango 1 Juni 2019. Kijana aliye mbele yako wakati huo alikuwa bado anavaa sare za shule. Kampuni inayomtangazia kwamba "tumeachana kabisa na mifuko ya plastiki" inamtangazia kwamba haijafungwa jela.

Weka pipa la maji safi lenye bomba, waambie waje na chupa zao, yaishe. Hajawahi kutokea mtu aliyesaini mkataba wa kazi kwa sababu ya kalamu.

Benchi la nyuma: "Ila tishati leteni. Tishati haina itikadi."

9. Taja miti iliyo hai, si miti iliyopigwa picha

"Mwaka jana tulipanda miti 10,000." Hongera. Iko wapi? Nani anaimwagilia? Mingapi imeliwa na mbuzi? Kwenye picha tunamwona mkurugenzi mwenye suti, mche mmoja, na watu kumi na wawili wanaomtazama akiufukia, mmoja wao akiwa amemshikia mwavuli. Kwa mahesabu ya haraka, mche huo umetumia rasilimali watu nyingi kuliko idara nzima ya mauzo.

Ukienda na hadithi ya miti Kenya, jua umeingia kwa wenyewe. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitoa siku ya mapumziko ili taifa zima likapande miti, katika safari ya kufikia miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ni nchi ya Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kinamama wa harakati ile walipewa malipo kidogo kwa kila mche ulioshika. Ulioshika, bosi. Waliokuwa hawana hata ofisi walikuwa na kipimo ambacho kampuni yako yenye ghorofa saba haina.

Wazungu nao wameshaumbuka kwa miti. Oktoba 2022, mamlaka inayosimamia matangazo Uingereza ilizuia mabango ya benki ya HSBC. Bango moja lilieleza jinsi benki ilivyokuwa ikisaidia kupanda miti milioni 2. Jingine lilitaja hadi dola trilioni 1 za kuwasaidia wateja wahamie njia safi. Hoja ya mamlaka haikuwa kwamba miti ni uongo. Ilikuwa kwamba bango lilikaa kimya kuhusu mchango wa benki hiyohiyo katika kufadhili wachafuzi.

Mfano mzuri uko karibu zaidi. Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko, wanauza hati za kaboni zinazokaguliwa na watu wa nje, na fedha zinaingia kwenye maji na shule za kijiji. Unaweza kwenda kuhesabu. Utatoka na matope hadi magotini, lakini utahesabu.

8. Ukisinzia ukiisoma sera yako, mwanafunzi alishalala

"Tumejizatiti kuwa kinara wa suluhu bunifu, jumuishi na endelevu katika mnyororo mzima wa thamani." Sentensi hii inaweza kusemwa na benki, kiwanda cha bia, chama cha siasa au kwaya. Jaribio ni jepesi: futa jina la kampuni yako uandike la mshindani wako. Kama sentensi bado ina maana ileile, haina maana.

Sasa sikiliza hii: "Malori yetu ya njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma yanachoma dizeli kiasi hiki kwa safari. Tunataka kipungue kabla ya Juni mwakani. Tatizo ni kwamba mengi yanarudi matupu." Hapo kijana wa usafirishaji ameshatoa daftari. Hukujiita kinara, umempa tatizo, na vijana wenye akili hawaoni tatizo wakalipita.

Waliounda jahazi la Flipflopi kule Lamu hawakuhitaji maneno mazito. Jahazi la mita 9, plastiki iliyookotwa tani 10, ndala zilizotupwa 30,000 mwilini, nalo mwaka 2019 likatweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa, na profesa naye anaelewa, ingawa profesa atachukua muda.

Ulaya wameamua kuwasaidia waandishi wa matangazo kwa kuwatia hofu: sheria ya Umoja wa Ulaya inayoanza kutumika 27 Septemba 2026 inakataza kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ni "rafiki wa mazingira" bila ushahidi unaotambulika. Urafiki sasa unahitaji vielelezo.

7. Usijisifie umeme wa jirani

Huu ni ugonjwa wetu wenyewe, tusiisingizie Ulaya.

"Ofisi zetu zinatumia nishati safi." Ofisi ziko Nairobi. Bosi, karibu tisa ya kumi ya umeme wa Kenya inatokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Olkaria inatoa umeme wa mvuke tangu 1981. Mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana ina uwezo wa megawati 310. Kinyozi wa Kawangware naye ananyoa kwa nishati safi, na hajaandika ripoti ya kurasa 80 kuhusu jambo hilo. Vivyo hivyo Tanzania: Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Sifa ni ya Mto Rufiji na waliojenga, si ya idara yako ya masoko.

Wataalamu hugawa hesabu ya hewa ukaa katika mafungu matatu: unachochoma mwenyewe, umeme unaonunua, na yote yanayotokea kwa wanaokuuzia na kwa wanaonunua kwako. Kwa gridi zetu, fungu la pili ni jepesi. Ndiyo maana kila kampuni huonesha la pili, na kwa tabasamu. Mwanafunzi mwerevu atauliza la kwanza: jenereta, malori, kuni za kukaushia chai. Mwerevu zaidi atauliza la tatu, na hapo ndipo afisa wako ataanza kutafuta miwani.

Ukienda Chuo Kikuu cha Strathmore uwe makini mara mbili. Wale wanasoma chini ya mapaa yenye paneli za jua za kilowati 600 tangu 2014. Taa yako moja ya sola pale getini haitawatoa machozi.

Benchi la nyuma: "Sisi bwenini tunatumia giza. Halichafui chochote."

6. Mwaka 2050 utakuwa wapi, bosi?

"Tutafikia hewa ukaa sufuri ifikapo 2050." Vizuri. Sasa tufanye hesabu ndogo ya umri. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu leo, mwaka 2050 atakuwa na miaka arobaini na kitu. Ndiye atakayekuwa kwenye kiti cha meneja siku ya kuulizwa. Wewe utakuwa Msasani au Nyali, unacheza bao, unalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawatimizi ahadi.

Kwa hiyo usimuoneshe mwaka ambao yeye ndiye atakayelipa. Muoneshe mwaka ambao wewe bado unashika peni ya kusaini hundi. Tulianzia wapi, mwaka jana tulikuwa wapi, mwaka huu tunapunguza nini, nani anasimamia. Mistari minne inatosha. Ikizidi, umeanza tena kuzungumzia mustakabali.

Tena wakubwa wameshaadhirika. Mwaka 2024 SBTi, mpango wa kimataifa unaopima malengo ya kampuni kwa vigezo vya kisayansi, uliandika kwamba ahadi za sufuri za kampuni zaidi ya 200 zimeondolewa kwa kuwa hazikuleta malengo yao kwa wakati. Microsoft, Unilever na Walmart walikuwamo. Kama wenye jeshi la washauri walichelewa kukabidhi kazi, mwanafunzi aliyewahi kuomba mhadhiri amwongezee siku mbili anaijua vizuri sana hadithi hiyo.

5. Wanasoma habari, hata za Paris

Mwaka 2018 wanafunzi wa vyuo vikubwa vya Ufaransa waliandika waraka wa kuamka kwa ajili ya mazingira, wakitangaza kwamba wako tayari kuwapa kisogo waajiri wachafuzi. Zaidi ya 30,000 wakatia saini. Waajiri wakacheka: watakua. Januari 2022, baada ya upinzani wa wanafunzi na wahitimu wa École Polytechnique, kampuni ya mafuta ya TotalEnergies ikaachana na mpango wa kujenga kituo chake cha utafiti mlangoni mwa chuo hicho. Septemba mwaka huohuo Birkbeck, chuo cha London, kikawa cha kwanza Uingereza kuzifungia kampuni za mafuta, gesi na madini mlango wa idara yake ya ajira.

Sasa njoo nyumbani. TotalEnergies hiyohiyo ndiyo mwenye hisa nyingi katika bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Oktoba 2022 wanafunzi walikamatwa Kampala wakiandamana kulipinga. Na hapohapo, katika mikoa ambako bomba linapita, kuna vijana waliosubiri mradi huo kama mvua ya masika, kwa sababu una kazi za uchomeleaji, upimaji, udereva na usalama kazini.

Nani kati yao ni mwanafunzi "halisi"? Wote. Na mara nyingine ni mtu mmoja: asubuhi anasaini waraka wa kupinga, mchana anatuma maombi. Usimdhihaki, wewe mwenyewe una jani kwenye bango na jenereta nyuma ya banda.

La kufanya ni kuacha kudhani kwamba swali ni moja. Kijana wa Paris anauliza, "Kwa nini mnachimba?" Kijana wa Tanga anauliza, "Bomba likishafukiwa, mimi nitaenda wapi?" La pili nalo ni swali la uendelevu, tena gumu kuliko la kwanza. Mwajiri anayelijibu kwa ukweli, kwa kutaja ujuzi gani utabaki mkononi mwa kijana na unatambulika wapi, amezungumza naye kama mtu mzima. Anayelijibu kwa video ya tembo amezungumza na tembo.

4. Kila kitivo kina wivu wake

Hotuba moja haiwatoshi wote.

Mhasibu mtarajiwa hataki kusikia kuhusu kasa. Mwambie kwamba tangu 2023 kuna viwango vya kimataifa vya kuripoti uendelevu, IFRS S1 na S2, na kwamba unahitaji mtu wa kuvielewa kabla mkaguzi hajavielewa. Kama hisa zako zinauzwa Nairobi, mwongozo wa soko la hisa kuhusu taarifa hizi upo tangu Novemba 2021. Kama hujaufungua, usiseme.

Wa kilimo wa SUA Morogoro mwambie habari za udongo na maji ya umwagiliaji, na mpe mkulima mmoja wa kumpigia simu. Wa sheria mwambie kesi. Wa Chuo Kikuu Ardhi mwambie majengo yako yanakula umeme kiasi gani kwenye viyoyozi, kisha ukae pembeni, maana atakuchorea madirisha mapya kabla hujamaliza chai. Wa uhandisi mpeleke kwenye boila. Anapoona mvuke unavuja, moyo wake unafunguka.

Benchi la nyuma: "Na sisi wa falsafa?" Ninyi mtaulizwa kwa nini kampuni ipo. Jibu likipatikana, tumeni nakala.

3. Mficha uchi hazai

Haya ndiyo magumu, na ndiyo maana mabanda mengi huyaruka: sema kinachoshindikana.

Volkswagen iliuza dizeli yake Marekani kwa miaka kama dizeli safi. Septemba 2015 ikabainika kwamba magari yalikuwa na programu iliyotambua yanapopimwa na kupunguza moshi kwa muda huo tu. Kampuni ikakiri kwamba magari milioni 11 duniani yalikuwa nayo. Kila mwanafunzi wa uhandisi amesimuliwa kisa hicho darasani, kwenye somo la maadili, na ndilo somo pekee la maadili ambalo hakuna aliyesinzia.

Si wachafuzi tu wanaofichuliwa uchi wao. Ule mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, safi kwa kila kipimo cha moshi, Oktoba 2021 uliingia matatani pale Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ilipoamua kwamba hati za ardhi yake Marsabit zilipatikana bila kufuata utaratibu. Upepo ni safi. Hati ni jambo jingine. Mwanafunzi anayetoka Loiyangalani amekaa safu ya tatu, anakusikiliza ukisifu nishati jadidifu, na anajua jina la kila mzee aliyetoa ushahidi.

Sasa fikiria mwajiri anayesimama na kusema: "Maji taka ya kiwanda chetu yanafikia kiwango kinachotakiwa, lakini msimu wa mvua tunazidiwa. Tumetenga fedha za bwawa la pili. Halijakamilika. Mkandarasi wa kwanza tulimfukuza." Ukumbi utanyamaza. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, mtu amesema "halijakamilika" kwenye kipaza sauti. Na wale watano unaowataka hasa, wale wanaopenda kazi ngumu, wataanza kutafuta karatasi za maombi.

Idara ya masoko itapinga. Itasema washindani watatumia kauli hiyo. Waache waitumie, ili kukuumbua itabidi nao waoneshe maji taka yao.

Benchi la nyuma halikusema kitu. Linatafuta jina la huyo mkandarasi.

2. Wa fildi ndio wakaguzi wako

Unaweza kulipa kampuni kubwa ya ukaguzi ikupe cheti. Ni sawa. Lakini ukaguzi unaosomwa vyuoni unaandikwa bure, usiku, kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi waliofanya fildi kwako. Kenya wanaita atachi, lakini umbea ni uleule.

"Wale? Siku ya wageni tu ndipo wanatenganisha taka. Baada ya hapo zote zinaingia gari moja." Imeisha. Bango la milioni kadhaa limepinduliwa na binti wa mwaka wa pili aliyekaa kwako wiki nane, akitumwa fotokopi.

Wa fildi huona vitu ambavyo ripoti haina fungu lake. Kwamba dada anayefagia ofisi ameajiriwa na wakala, hana likizo, na haingii kwenye ile takwimu nzuri ya "wafanyakazi wetu". Kwamba kampuni inafadhili faru mwenye jina na daktari wake, ilhali mwanafunzi wa fildi hana nauli. Anatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri kwa fedha za bumu, yaani mkopo wa chuo, na bumu lenyewe limechelewa. Akiuliza kuhusu posho anaambiwa anapata uzoefu. Bosi, konda wa daladala hapokei uzoefu.

Jamii ni sehemu ya uendelevu, na hakuna jamii iliyo karibu na wewe kuliko kijana uliyemkalisha kwenye kiti kibovu karibu na printa. Mlipe nauli na chakula, japo kidogo. Mpe kazi ya kweli: akusanye risiti za dizeli za mwaka mzima azipange, apime maji yanayovuja, aulize wauzaji wako watano wanatupa wapi taka zao. Atajifunza, wewe utapata takwimu ambazo hukuwa nazo, na atarudi chuoni akiwa na jambo la kusimulia.

Halafu siku ya maonesho umuite yeye asimame bandani badala ya msemaji. Akiulizwa swali gumu atasema "hilo bado", na ataaminiwa kuliko mkurugenzi, kwa sababu hana kitambaa cha hariri shingoni na hana la kupoteza. Chema chajiuza, kibaya ndicho hukodi ukumbi.

1. Iandike ahadi kwenye tangazo la kazi

Tumefika, na namba moja haina rangi hata kidogo. Haina bango wala video. Ni karatasi ileile kavu inayoanza na "Majukumu ya Kazi".

Chukua tangazo lako la nafasi ya mhandisi mdogo. Soma majukumu yote kumi na mawili. Je, neno lolote la sera yako ya mazingira limefika humo? Mara nyingi halijafika. Sera inasema kampuni itapunguza moshi. Tangazo linasema mhandisi "atafanya kazi nyingine zozote atakazopangiwa na mkuu wake". Hapo mwanafunzi anaelewa kwamba ahadi ni ya watu wa ghorofa ya juu, na kazi ni ya watu wa chini, na ngazi kati yao haijajengwa.

Ijenge. Andika: "Katika miezi sita ya kwanza utapima matumizi ya mvuke kwenye boila mbili na kupendekeza marekebisho. Una bajeti hii. Utawasilisha kwa meneja wa kiwanda, ambaye sehemu ya bonasi yake inategemea matokeo hayo." Sentensi tatu, na humo mna kila kitu ambacho jani halikuweza kusema: kitu kinachopimwa, muda, fedha, na mkubwa ambaye naye ataumia kazi isipofanyika. Hilo la mwisho ndilo zito. Mahali ambapo bonasi ya meneja inategemea tani zilizotoka getini peke yake, kijana mwenye shahada ya mazingira atakuwa mpambe wa kushika mwavuli siku ya kupanda miti.

Usaili nao ubadilike. Utamuuliza, "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Atajibu alichofundishwa kujibu. Kisha mpe zamu, na umwache aulize kwa kweli. Ataanza kwa adabu: shikamoo, samahani mkuu, naomba kuuliza. Halafu atauliza maswali matatu. Kazi hii bajeti yake iko kwa nani? Aliyekuwa akiifanya amekwenda wapi? Nikigundua kwamba takwimu za ripoti si sahihi, nampelekea nani, na yeye atafanya nini?

Kama unayo majibu, mtajie majina na vyeo, bila kupepesa. Kama huna, usiite jopo la washauri wachore nembo mpya. Kaa na meneja wa kiwanda na mtu wa fedha mpaka mpate majibu, kisha rudini chuoni muhula ujao. Wanafunzi hawaishi, kila Oktoba wanaletwa wengine, na kila kundi lina mabingwa wa kuigiza wakurugenzi.

Na ukishasimama siku hiyo bila jani, ukasema tunapima hiki, tumeshindwa pale, fedha ni hizi, mtu tunayemtaka atafanya hivi, geuka ulitazame benchi la nyuma. Litakuwa na swali moja tu, tena bila mzaha: "Mwisho wa kutuma maombi ni lini?"